Klachi Mpya Haihesabu Kilomita



Juma hili tumepokea swali kutoka mbali na bahari. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa bara, anaishi Kiamunyi, upande wa magharibi wa Nakuru, kwenye barabara iendayo Eldama Ravine. Gari la nyumbani kwao ni la gia za mkono, nalo limetiwa klachi mpya siku chache zilizopita, kwa gharama iliyowalazimu kuahirisha mahitaji mengine ya nyumba. Baada ya majuma matatu wanatarajiwa Mombasa kwenye harusi ya mdogo wake. Garini watakuwa watu watano, mama mkwe akiwa mmojawao, pamoja na mizigo ya harusi. Fundi alipowakabidhi ufunguo aliwaambia neno moja tu: "Endesheni polepole mpaka izoee."

Hapo ndipo rai zilipogawanyika. Shemeji yetu anaona njia bora ya kuitunza klachi ni kuliegesha gari uani hadi siku ya safari, na kwa sasa watu wa nyumba watumie matatu. Kisha safari yenyewe, ambayo kwenda peke yake ni zaidi ya kilomita 600, ndiyo itakayoizoeza. Dada yetu moyo wake haukubali, lakini hana hoja ya kumpa mumewe. Anatuuliza ni nani aliye sawa.

Tumeona swali hili lina manufaa kwa nyumba nyingi, kwani si haba akina mama na mabinti wanaoendesha magari ya gia za mkono, wakiwapeleka watoto shuleni na kurudi na kapu la sokoni. Nia ya shemeji yetu ni njema, ila njia aliyoichagua inampeleka kinyume cha anachokitaka. Klachi mpya haitunzwi kwa kufichwa, wala haizoei kwa kwenda mbali. Huzoea kwa kushika na kuachia mara nyingi, kwa upole, ikipata nafasi ya kupoa baina ya mara moja na nyingine. Tueleze kwa nini.

Injini ya gari ikishawaka haiachi kuzunguka, ilhali magurudumu yanatakiwa yasimame na kuondoka kila mara. Baina ya viwili hivyo ndipo klachi inapokaa. Kwenye injini kuna gurudumu zito la chuma ambalo mafundi huliita flaiwili. Mbele yake kuna kisahani chembamba kilichobandikwa pande zote mbili ngozi ngumu ya nyuzi na gundi maalumu, na kisahani hicho ndicho kinachopeleka nguvu kwenye giaboksi. Nyuma ya kisahani iko presha pleti, bamba la chuma lenye springi kali, linalokibana kisahani kwenye flaiwili ili viwili hivyo vizunguke kama kitu kimoja. Unapokanyaga pedali ya klachi, beringi husukuma ile springi, bamba likalegea, na injini ikaachana na magurudumu. Unapoinua mguu, bamba hurudi kukibana kisahani. Kwa muda mfupi sana, kabla havijashikana sawasawa, kisahani husuguana na chuma, na msuguano huo huzaa joto. Uhai wote wa klachi umo katika muda huo mfupi.

Sasa, kisahani kipya na uso wa chuma uliochongwa upya huonekana laini kwa macho, lakini si laini. Kila kimoja kina vilima na mabonde madogo mno. Siku za mwanzo hugusana kwenye vile vilima tu, mahali pachache, na nguvu yote ya injini hupita hapo. Ukikanyaga mafuta kwa fujo, sehemu hizo chache hupata joto kali kupita kiasi. Gundi iliyomo kwenye ngozi ya kisahani huyeyuka na kufanya utando mgumu unaong'aa. Chuma nacho huota mabaka ya rangi ya buluu, alama ya kuungua. Klachi iliyofikia hapo hutetema gari linapoondoka, au huteleza linapopanda mlima, na aghalabu haiponi tena. Lakini ikishikishwa kwa upole mara nyingi, vilima hulainika kidogo kidogo, nyuso mbili zikaelewana, na eneo la kushikana likaongezeka hadi kuenea kote.

Walio na chungu cha udongo nyumbani wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Chungu kipya hakiinjikwi juu ya moto mkali siku ya kwanza. Huloweshwa, kikapashwa moto mdogo, na kikazoezwa siku baada ya siku. Anayekificha kabatini mpaka siku ya karamu, kisha akakipakia moto wa kupikia wageni mia, asishangae kikipasuka mbele yao.

Tuje kwenye kilomita. Mafundi wengi hutaja masafa baina ya kilomita 500 na 800 kuwa ndiyo muda wa kuizoeza klachi mpya, na klachi nyingine huja na maagizo yake ndani ya boksi, ambayo ndiyo ya kufuatwa kwanza. Lakini masafa hayo hukusudiwa yawe ya mwendo wa mjini, wa kusimama na kuondoka. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme dada yetu akitoka Kiamunyi kwenda mjini na kurudi anasimama na kuondoka mara 20, na kila anapoondoka anabadilisha gia mara 3. Hapo klachi imeshika mara 80 katika kilomita 15 hivi. Kwenye barabara kuu iliyo wazi, anaweza kwenda kilomita 100 kwa gia ya mwisho na asiiguse klachi hata mara 10. Klachi iliyobana tu bila kusuguana haijifunzi kitu. Kwa hiyo kilomita 600 za barabara kuu ni nyingi kwenye mita, lakini kwa klachi ni chache kuliko safari za juma moja za shule na soko.

Tena safari ya kutoka Nakuru kwenda Mombasa ina mahali pake pa mtihani. Baada ya Gilgil na Naivasha barabara hupanda ukuta wa Bonde la Ufa kupitia Kinungi, na hapo malori yenye shehena hujikokota. Siku za sikukuu na za kufunga shule foleni huwa ndefu. Gari lililojaa watu na mizigo huenda likasimama na kuondoka juu ya mlima mara kadhaa ndani ya saa moja, pasipo nafasi ya kupoa. Mwisho wa safari nako, kuanzia Mariakani na Mazeras hadi Miritini, foleni ya malori si ngeni, na joto la pwani si msaada. Kumpa mwanafunzi wa siku ya kwanza mtihani wa namna hiyo si kumtunza.

Liko jambo jingine ambalo wenzetu waliojifunzia udereva Mombasa huenda hawalijui. Mombasa iko usawa wa bahari, ilhali Nakuru iko kwenye kimo cha mita 1,850 hivi. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupungukiwa na takriban sehemu moja kati ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Dereva aliyezoea gari liondoke kwa kugusa mafuta kidogo tu huliona zito, akaongeza mafuta huku mguu wa kushoto umening'iniza klachi nusu. Gari huondoka, lakini klachi ndiyo iliyolipa. Dawa ni kuukubali uzito huo: uondoke kwa gia ya kwanza daima, uinue klachi kwa mwendo mmoja laini usio wa kurusha wala wa kuchelewesha, na uongeze mafuta baada ya klachi kushika.

Ardhi ya Nakuru nayo ni ya majivu ya volkano kutoka enzi za Menengai na milima jirani yake, na njia nyingi za ndani ya mitaa hazina lami. Wakati wa kiangazi ni vumbi, na masika yakiingia ni tope. Gari likikwama topeni, usilikaange kwa kukanyaga mafuta huku klachi ikiteleza. Zima, tia mawe au mbao chini ya tairi, uwaombe vijana wasukume. Dakika chache za kung'ang'ana zaweza kuharibu kilichonunuliwa kwa akiba ya miezi.

Baada ya maelezo hayo, haya ndiyo tunayomshauri dada yetu, na kila mwenye klachi mpya.

Kwanza, anza mahali tambarare. Klachi mpya haishiki pale ilipokuwa ikishika ile kuukuu, hivyo mguu unahitaji kujifunza upya. Tia gia ya kwanza, usikanyage mafuta kabisa, uinue pedali taratibu mpaka uhisi gari linataka kwenda. Rudia mara chache mpaka mguu upajue mahali hapo. Vaa kiatu chepesi chenye soli nyembamba, na upindo wa buibui uuweke mbali na pedali. Upindo ulionaswa chini ya kisigino ni hatari kwa klachi na ni hatari zaidi kwa roho za watu.

Pili, kwenye mwinuko tumia breki ya mkono. Usilisimamishe gari mlimani kwa kulipima baina ya klachi na mafuta, kwani huko ni kusugua bila kwenda. Vuta breki ya mkono, toa gia, uiache klachi ipumzike. Wakati wa kuondoka tia gia ya kwanza, inua klachi mpaka ishike, kisha ushushe breki.

Tatu, angalia lango la nyumba yako. Ikiwa ua uko juu ya barabara, ingia kwa mbele na utoke kwa kurudi nyuma, gari likijishukia lenyewe. Kupanda mlima kinyumenyume, pole kwa pole, ni katika mambo yanayochosha klachi kuliko yote, na wengi hulifanya kila jioni bila kujua.

Nne, usiweke mguu juu ya pedali ya klachi ukiwa safarini. Uzito mdogo tu wa unyayo hulegeza bamba na kuichosha beringi. Kwenye taa au foleni ndefu, toa gia na uondoe mguu.

Tano, katika muda huu usivute gari jingine, usipakie magunia, na usikanyage mafuta yote gari likiwa kwenye gia kubwa na mwendo mdogo. Ukihitaji nguvu, shuka gia.

Sita, nyumba nzima ikubaliane. Gari likiwa na madereva watatu, mmoja mpole na wawili wenye pupa, klachi itafuata walio wengi. Ikiwa kijana wa nyumba anajifunza udereva, asubiri mwezi mmoja, au ajifunzie kwenye gari la shule ya udereva. Hakuna anayejifunza bila kuisugua klachi, na si haki kumlaumu mtoto kwa lile ambalo wakubwa wangeweza kulizuia.

Halafu yako yanayohusu gereji, na tunayataja kwa sababu akina mama wengi hutuambia kwamba wakiuliza maswali huko hujibiwa kwa kicheko. Uliza bila haya, fedha ni zako. Je, flaiwili ilikaguliwa na kuchongwa, au ilibadilishwa? Kisahani kipya juu ya chuma chenye mabaka ni sawa na kushona kiraka kipya juu ya kitambaa kilichooza. Je, beringi ya klachi ilibadilishwa? Giaboksi ikishashushwa, kuirudisha na beringi kuukuu ni kujitakia kuishusha mara ya pili. Je, sili ya oili ya nyuma ya injini ilitazamwa? Tone la oili likifika kwenye kisahani, upole wako wote hautafaa. Je, chuma kipya kilipanguswa yale mafuta ya kuzuia kutu ambayo huja nayo kutoka kiwandani? Na mwisho, omba kukabidhiwa vipuri vya zamani uvione. Fundi mwaminifu hatachukia, kwani kazi yake ni amana, na mwenye amana hufurahi kuulizwa.

Katika siku za mwanzo huenda ukasikia harufu ndogo, au gari likatetema kidogo linapoondoka. Hayo yakipungua siku hadi siku, ni dalili kwamba nyuso zinaelewana. Yakiongezeka, rudi kwa fundi mapema. Harufu kali ya kuungua inayojirudia haifai kupuuzwa. Kadhalika ukiwa kwenye gia ya tatu au ya nne, ukakanyaga mafuta, na injini ikapiga kelele bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Gia zikiwa ngumu kuingia, au zikikwaruza, yamkini klachi haiachii sawasawa. Kwenye gari la klachi ya mafuta huenda kuna hewa kwenye mpira wake, na kwenye gari la kebo huenda kebo inataka kurekebishwa. Haya ni matengenezo madogo yakiwahiwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa turudi kwenye harusi. Majuma matatu yanatosha, maadamu hayapotezwi. Dada yetu alitoe gari uani kuanzia kesho. Asubuhi alipeleke shuleni, alasiri alipeleke sokoni au mjini, akiwa na abiria wachache, na baina ya safari hizo gari lipate saa za kupoa. Kwa ule mfano wetu, safari mbili kwa siku ni kushika mara 160. Kwa siku 6 za juma, kwa majuma matatu, ni karibu mara 2,900, na kilomita zitakuwa zimefika 540 hivi. Hapo klachi itakuwa imepata mafunzo yake. Mafuta ya majuma hayo yatagharimu kitu, ni kweli, lakini nauli za matatu za familia nzima nazo si bure, na kushusha giaboksi kwa mara ya pili ni ghali kuliko vyote.

Juma la mwisho gari lipitishwe kwa fundi aitazame pedali, mafuta ya klachi na uvujaji wowote. Siku ya safari watoke alfajiri, kabla malori hayajajaa barabarani, na mizigo mizito ya harusi itangulizwe kwa basi. Ikiwa kwa sababu yoyote majuma hayo hayakutumika, au dalili tulizozitaja zimeonekana, basi tunawasihi wasilazimishe. Waende Nairobi kwa matatu, na kutoka hapo wapande treni, ambayo tangu mwaka 2017 inawapeleka watu kutoka Syokimau hadi Miritini. Kumketisha mama mtu mzima kando ya barabara ya Kinungi usiku, gari likiwa halipandi, ni aibu ambayo hakuna pilau ya harusi itakayoifuta.

Kwa shemeji yetu tuna neno la heshima. Uliyoyakusudia ni mema, kwani mtu huficha kile anachokithamini. Lakini kitu kilichoumbwa kwa kazi hutunzwa ndani ya kazi, kwa kipimo na kwa subira. Mpe mkeo ufunguo leo, na nawe kwa zamu yako uendeshe kama anavyoendesha yeye. Na wewe dada yetu, hoja uliyoitafuta ndiyo hiyo. Mfikishie mwenzako kwa maneno mazuri, maana nyumba nayo inahitaji watu wanaojua lini washike na lini waachie.

Tunawatakia harusi njema na safari ya salama, inshaallah.